Atoke

Alhamisi, saa tatu usiku. Bweni limetulia, ukiacha kikohozi cha chumba cha mwisho ambacho sasa nakitambua hata nikiwa usingizini. Nimebakiza soksi sita za kushonea majina.

Kwa wasiojua ninachofanya huku: mimi ni matroni wa bweni la wadogo katika shule binafsi huko Dorset, kusini-magharibi mwa Uingereza. Ni mashambani kabisa, kondoo upande huu, kondoo upande ule. Wenyewe wanaiita shule ya maandalizi, lakini usidhani ni chekechea. Watoto wanakaa mpaka miaka 13, kisha wanahamia zile kongwe kama Winchester, iliyoanzishwa mwaka 1382, au Eton ya mwaka 1440. Hizo nazo Waingereza huziita shule za umma, ilhali ada zake mtu wa umma hazigusi. Usiniulize. Nilicheka tu nilipogundua kwamba prepo, ile iliyokuwa ikitusinzisha bwenini enzi zetu, ndiyo hiyohiyo iliyo kwenye jina la shule hizi. Na hapa ipo, kila jioni, na wanasinzia vilevile.

Leo kulikuwa na mechi ya raga. Ni katikati ya Novemba, saa kumi na nusu kiza kimeshaingia, na watoto arobaini wanarudi wakiwa rangi moja ya udongo. Kwenye korido kuna mabuti ya mpira yamepangwa ukutani, kila jozi na namba yake, na kila siku kuna jozi moja yenye mabuti mawili ya mguu wa kushoto. Sijawahi kujua inakuwaje. Mtu aliyevaa mawili ya kulia yuko wapi, na mbona halalamiki?

Kwenye chumba cha walimu habari ni ada tu. Tangu tarehe 1 Januari 2025 Serikali inatoza ada za shule binafsi kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 20, kwa hiyo chai ya saa nne imekuwa ya kuhesabiana: nani anamhamisha mwanawe, nani anavumilia mwaka mmoja zaidi. Wanaosoma shule za kulipia nchi hii ni kama watoto 7 katika kila 100. Siwezi kusema nawahurumia wazazi wao. Ila mtoto wa miaka 8 anayelia usiku halii kwa sababu ya pauni.

Ninaye mmoja wa hivyo. Septemba yote alilala ameshika soksi ya baba yake, nikajifanya sijaiona, maana kwenye orodha ya vitu vinavyoruhusiwa soksi za watu wazima hazimo. Simu zao zinalala kwenye droo yangu. Anapiga nyumbani kwa zamu yake, anajikaza mpaka mwisho, kisha anakuja kuniuliza kama nina kazi ya kukunja nguo. Kazi ya kukunja nguo haiishi hapa. Tunakunja.

Wiki iliyopita alikuwa anapiga mswaki huku anakariri Kilatini: amo, amas, amat, povu mpaka kidevuni. Wana mtihani wa vitenzi. Mwalimu wao wa Kilatini ni mzee aliyelelewa katika shule kama hizi, na aliwahi kuniambia kwamba yeye vitenzi hivyo viliingia kwa fimbo. Fimbo ilichelewa kuondoka kwenye shule binafsi za England. Sheria ya mwaka 1986 ilizikataza shule za Serikali, hizi zikasubiri sheria ya mwaka 1998. Sasa mzee anafundisha kwa vichekesho, vingine vya kitoto kweli, na watoto wanavikariri navyo.

Nikamwambia yule kijana, kwetu tunasema ninapenda, unapenda, anapenda. Akaacha mswaki mdomoni. Kioo kilikuwa kimejaa mvuke, akaandika kwa kidole: o, as, at. Akaniomba nimtajie zetu polepole, nikamtolea ile "na" ya katikati isimchanganye, akaandika chini yake: ni, u, a. Akasogea nyuma, akatazama.

"Matroni, mkia wenu uko mbele."

Nimesoma sarufi miaka mingi na hakuna aliyenieleza vizuri hivyo. Nikampa "nakupenda". Akaivunja vipande, akagundua kwamba anayependa na anayependwa wote wamo ndani, na Kilatini inabidi kiongeze neno pembeni. "Mmetushinda," akasema, kana kwamba Roma ni ya babu yake.

Nilikaa na hilo muda mrefu baada ya kuzima taa. Darasani kwao wako kumi na wanne. Sisi tulikuwa hamsini na kitu, na aliyenyoosha mkono mara ya pili alionekana anamchokoza mwalimu. Hapa swali la pili ndilo wanalolisubiri, na la tatu pia, na kuna mtu mzima aliyelipwa kukaa mpaka liishe. Madimbwi, kondoo, na hata kanisa lenye kioo cha rangi, naweza kuishi bila hivyo. Hilo la maswali nawaonea wivu, na sijui nani wa kumlaumu.

Jana akaniletea neno lingine. Ubaoni kumebandikwa tangazo la wikiendi ya kwenda nyumbani, na shule nyingi za aina hii wikiendi hiyo zinaiita kwa Kilatini: EXEAT. Alikuwa amemuuliza mzee maana yake, akajibiwa kwa Kiingereza kirefu, kwamba ni kama kumruhusu mtu aondoke. Akataka ya kwangu. Sikuhitaji hata kufikiri.

"Atoke."

"Neno moja?"

"Moja."

Akalikunja pamoja na fulana aliyokuwa ameishika, akaenda nalo.

*

Ijumaa, saa tisa alasiri. Wameondoka. Tangu saa sita mchana magari yalikuwa yanapanda kilima moja moja, mbwa madirishani, akina mama wanaulizana habari za barabara. La kwake likawa karibu la mwisho. Kila nikichungulia yuko kwenye ngazi, begi mgongoni, zipu imefungwa hadi shingoni, anatazama kona ya barabara bila kupepesa.

Lilipotokea hakukimbia. Utaratibu ni kwamba haondoki mtu mpaka nimtie alama kwenye daftari. Akaja mpaka mlangoni pangu, akasimama wima kama askari.

"Matroni, nitoke?"

Hilo sikumfundisha. Nilimpa "atoke" tu. Hiyo "ni" ameitoa mwenyewe kwenye kioo cha bafuni.

Nikatia alama. "Toka, mwanangu."

Nimeshuka kupanga korido. Jozi yake ina mabuti mawili ya kulia.