Niliununua msimu wa 16, na haupo

Mara ya kwanza kugombana na kijana wa kuingiza muvi, mwenye makosa nilikuwa mimi. Ilikuwa Aprili 2018, Ngamiani hapa Tanga. Nilimpelekea flashi aniwekee Supernatural, zile episodi za mwisho mwisho za msimu wa 13 kadiri zilivyokuwa zinatoka. Usiku nafungua ya 16. Sam na Dean, wale ndugu wawili wa hiyo tamthilia, wanaanza vizuri tu, wanapambana na mdoli wa dinosaria dukani, wanazawadiwa runinga, mara runinga inawameza na kila kitu kinageuka katuni. Katuni kweli, yule mbwa Scooby-Doo na wenzake na lile gari lao la maua. Nikajua hapa faili limeungwa vipande viwili. Nikazima, asubuhi nikaenda kudai hela yangu.

Kijana hakubisha. Alinirudishia noti akasema, "Braza, mimi naingiza tu, sichori."

Jioni mdogo wangu akanitumia sauti kutoka Muscat, anacheka mpaka anakohoa. Kumbe ile ni episodi halali, imerushwa Marekani tarehe 29 Machi 2018, na sauti za Sam na Dean mle kwenye katuni ni za waigizaji wenyewe. Ilibidi nirudi dukani na ile noti pamoja na soda ya baridi.

Nimeanza na hili kwa sababu miaka mitatu baadaye kijana huyohuyo aliniuzia msimu mzima ambao haujawahi kurekodiwa popote duniani, na mimi, kwa kukumbuka aibu ya katuni, sikuuliza hata swali moja.

Kwa asiyeijua: kwetu tamthilia yoyote ya Kizungu yenye mfululizo inaitwa sizoni, na hii ni sizoni ya ndugu wawili wanaozunguka Marekani ndani ya Chevrolet Impala ya mwaka 1967 wakiwinda mapepo, mizimu, vampaya na kila usichotaka kukutana nacho usiku. Ilianza tarehe 13 Septemba 2005. Aliyeibuni, Eric Kripke, alikuwa na hadithi ya misimu mitano kichwani. Ikafika 15, episodi 327. Jared Padalecki ndiye Sam, Jensen Ackles ndiye Dean. Mimi na mdogo wangu tuliikuta mwaka 2012, ishafika msimu wa saba, tukaanza kuifukuzia kutoka nyuma.

Tulikuwa tunaangalia sebuleni, mama akipita kwenda na kurudi jikoni. Chumvi aliikubali. Sam na Dean wanamwaga chumvi mlangoni na dirishani ili mzimu usipite, na mama, mtu wa Pangani, hakuona la ajabu hapo. Ugomvi ulianza msimu wa pili, episodi ya 20, ilipokuja habari ya jini. Jini wao ni mtu mwenye michoro mwilini na macho ya buluu. Anakugusa unalala, unaota maisha mazuri uliyoyakosa, huku anakufyonza damu. Dawa yake ni kisu cha fedha kilichochovywa kwenye damu ya mwanakondoo. Mama alisimama katikati ya sebule, mwiko mkononi.

"Jini gani huyo? Hajaulizwa jina lake nani, hajaulizwa katokea wapi, hajaulizwa anataka nini. Wanamchoma kisu tu?"

Tangu siku hiyo, kila akisikia muziki wa sizoni anauliza kutoka jikoni: washamuuliza jina?

Mdogo wangu aliondoka mwaka 2016 kwenda Oman, kazi ya kufunga nondo kwenye majengo. Tuliagana kwa ahadi kwamba hakuna kutangulia. Kwake Ijumaa ni mapumziko, kwa hiyo kila Ijumaa, saa mbili usiku Tanga, saa tatu Muscat, tunabonyeza pamoja. Simu ya WhatsApp kule ilikuwa haikubali, basi tukawa tunatumiana sauti fupi fupi, nyingine ni kicheko tu, nyingine ni "weeee!" na hakuna kingine.

Kupata episodi haikuwa shida. Shida ilikuwa habari. Ukiipenda sizoni hii, kila wiki kuna mtu wa kukwambia fulani karudi, fulani kafukuzwa, fulani kafa, na si kufa kwa hadithi. Na huwezi kujibu "haiwezekani", maana humo ndani hawa ndugu wamekufa na kufufuka mara nyingi mpaka neno hilo limekosa kazi.

Tarehe 22 Machi 2019 Padalecki, Ackles na Misha Collins, yule anayecheza malaika Castiel, walikaa pamoja mbele ya kamera wakasema msimu wa 15 ndio wa mwisho. Niliangalia ile video mara nne. Mdogo wangu akaleta sauti moja fupi: "Huyu jini kataja jina." Hapo ndipo msemo ulipoingia kwetu. Habari ikija, inaulizwa kama mama alivyotaka: nani kasema, imetokea wapi, inataka nini.

Kuusema ni rahisi. Mwaka 2020 ndio ulionionyesha kuwa nilikuwa nausema tu.

Corona ilisimamisha kazi Machi, zikiwa zimebaki episodi mbili kurekodiwa. Wakarudi Agosti, wakamaliza tarehe 10 Septemba, na episodi saba zilizobaki zikaanza kurushwa tarehe 8 Oktoba. Kule inaruka Alhamisi usiku, huku kwetu ni usiku wa manane wa kuamkia Ijumaa. Maana yake kuna saa kumi na sita hivi kabla ya miadi yetu, na ndani ya saa hizo dunia nzima inapayuka. Basi ikatokea kwamba siku za uchaguzi wetu wa tarehe 28 Oktoba mitandao ya kijamii ilisumbua, na Twitter kwangu haikufunguka bila VPN hata uchaguzi ulipopita. Wenzangu wanahangaika kutafuta VPN, mimi nikaifuta ya kwangu. Sijivunii. Ila sijawahi kuangalia sizoni kwa amani kama wiki zile.

Aliyevunja ahadi ni mdogo wangu. Ijumaa tarehe 6 Novemba asubuhi, niko kwenye daladala, ujumbe unaingia: "Cas kamwambia Dean anampenda, kisha kachukuliwa. Kafa. Na Putin anajiuzulu."

Alikuwa ameyakuta yote mawili ukurasa mmoja, saa moja, na katikati yake Wamarekani wanahesabu kura za urais. Alikosa usingizi, akaona abebe na mimi. Nilikasirika mpaka nikapitiliza kituo. Halafu nikatuliza akili: hili la Putin linapimika. Nikakaa na redio siku nzima. Kura za Marekani zinasomwa jimbo kwa jimbo, na Ikulu ya Urusi inakanusha. Nikasema alhamdulillahi, chungu kimoja hakitoi wali na ugali. Kama la Putin ni uongo, na la Cas ni uongo. Nikala, nikaoga, saa mbili nikabonyeza nimetulia kabisa.

Castiel, malaika tuliyekuwa naye tangu msimu wa nne, akalisema lile neno machozi yanamtoka, giza likatoka ukutani likambeba.

Mdogo wangu alikaa kimya dakika kumi. Kisha: "Nilikwambia."

Kwa hiyo chungu kimoja kinatoa wali na ugali. Kila habari inabidi iulizwe jina peke yake, hata kama zimekuja zimeshikana mikono.

(Aliyepanga kuimaliza sizoni na hajaimaliza aruke aya hii.) Tarehe 20 Novemba tuliangalia ya 327. Kila mtoto wa Kitanzania anajua steringi hafi. Nimekua na sheria hiyo. Dean amepita motoni, ahera na kurudi, miaka 15, halafu anakwenda kufa kwenye banda, akipigana na vampaya wa kawaida tu, kwa kusukumwa kwenye nondo iliyochomoza kwenye nguzo. Mdogo wangu, fundi nondo, hakulia kwanza. Alitoa sauti ya hasira: "Hiyo ncha ilitakiwa ikunjwe, au ivalishwe kofia. Kwetu msimamizi anafukuzwa siku hiyohiyo." Alirudia jambo la kofia mara tatu. Sauti ya nne ilikuwa pumzi tupu.

Sasa msimu wa 16. Ilikuwa Februari 2021, napita Ngamiani, kijana ananiita: "Braza, mzigo umeingia. Supernatural, es kumi na sita." Faili limeandikwa vizuri, S16E01, S16E02. Elfu mbili. Nikamwandikia mdogo wangu kwa herufi kubwa. Akajibu neno moja: "Jina?" Nikamwambia mwaka ule wa katuni uliniaibisha, safari hii nanyamaza.

Ijumaa nikafungua. Padalecki huyu hapa, kofia ya kuchungia ng'ombe kichwani, ni askari wa Texas. Nikasema sawa, wamebadilisha kazi ili wajifiche. Mdogo wangu hakuwa na faili, ananisubiri nimsimulie.

"Dean yuko wapi?"

"Bado hajatokea."

Baada ya dakika ishirini: "Mzimu je?"

"Bado."

Ilikuwa Walker, sizoni nyingine kabisa, iliyoanza kurushwa tarehe 21 Januari 2021. Haina mzimu hata mmoja. Mtu mahali fulani amebadilisha jina la faili akajua sura ya Padalecki itafanya kazi iliyobaki, na kwangu iliifanya dakika arobaini nzima. Sikurudi kudai hela. Kijana naye kalipokea hivyohivyo, na bado ni kweli kwamba hachori.

Kilichoniuma ni kwamba ningejua kwa kukaa na kuhesabu tu. Supernatural ilikuwa inarekodiwa Vancouver, Kanada, kwa kawaida kuanzia Julai mpaka Aprili. Wamemaliza msimu wa mwisho Septemba, Februari msimu mzima mwingine unatoka wapi? Tangu hapo sianzi na habari, naanza na mwili wa mtu: yuko wapi sasa, kasaini kazi gani. Padalecki akiwa Austin na Walker, na alikaa huko misimu minne mpaka 2024, basi hayuko ndani ya Impala. Ackles alikwenda kwa Kripke tena, kwenye sizoni yake nyingine, The Boys, iliyokuwa inarekodiwa Toronto, Kanada.

Jambo la pili ni vitenzi. Mwigizaji akiulizwa kama atarudi, atasema yuko tayari. Atasema nini kingine, mbele ya mashabiki waliolipa kiingilio? Neno hilo likivuka bahari linakuwa "anatamani", likifika Nairobi ni "anarudi", na likiingia Ngamiani tayari liko kwenye flashi.

Nilidhani nimemaliza masomo. Juni 2021 ikatangazwa kwamba Ackles na mkewe, Danneel, wanatayarisha The Winchesters, hadithi ya wazazi wa Sam na Dean. Nikamwambia mdogo wangu kwa kujiamini kabisa ni uongo, Padalecki hajasema lolote. Kumbe Padalecki mwenyewe aliipata Twitter kama sisi, akaandika hadharani kwamba imemuumiza. Siku iliyofuata walikuwa wameshaongea yakaisha. Sizoni ikaja kweli, tarehe 11 Oktoba 2022, episodi 13, ikafa. Kumbe na mwenye nyumba anaweza kuwa wa mwisho kujua kuna mgeni.

Mwaka 2025 mdogo wangu alikuwa likizo, amelala kwenye kochi lilelile, simu usoni. Akaniambia waigizaji wa Sam na Cas wanaingia msimu wa tano wa The Boys, wataonekana pamoja na yule wa Dean. Sikumjibu. Nilitafuta kwanza. Kripke, ndiye mwenye sizoni zote mbili. Wenye kuirusha, Prime Video, wametangaza wenyewe. Walker imekwisha, Padalecki yuko huru. Nilitumia karibu robo saa, chai ikapoa.

"Kataja jina," nikamwambia.

Mama akauliza kutoka jikoni, "Na katokea wapi?"

"Kanada, mama."

"Na anataka nini?"

Nikamwambia anataka hela, tena kila mwezi, ndiyo ufunguliwe kuangalia.

"Haya," akasema. "Huyo sasa ndiye jini."