Siku moja maishani mwangu: hamira, peroksaidi na utando mtupu

Saa 11:20 alfajiri

Simu inalia, na kabla sijakumbuka leo ni siku gani nakumbuka hamira. Ndiyo, hamira, ileile inayoumua maandazi. Jana jioni niliiacha kidogo kwenye chupa ya midia, maji ya lishe yenye glukosi, ikitikiswa usiku kucha katika nyuzi 30. Kwa joto la Dar mwezi huu ningeweza kuiacha dirishani tu, ila msimamizi wangu hapendi utani wa namna hiyo.

Saa 1:15 asubuhi

Nimeshuka mwendokasi nikiwa nimesimama tangu Kimara. Chupa imejaa seli, maji yamekuwa kama ya kuoshea mchele. Nazimua mpaka spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaozuiwa na seli, isome 0.1, narudisha kwenye kitikisio. Hamira iliyoshiba hujigawa kila baada ya dakika 90 hivi, kwa hiyo itafika 0.5 kwenye saa 4 na nusu. Hapo ndipo nitaimwagia haidrojeni peroksaidi, moja ya sumu za oksijeni.

Nikiulizwa kwenye harusi nasoma nini, huwa najibu hivi: seli ikivamiwa na sumu za oksijeni, inazifanyia nini protini zake? Watu hudhani inakimbilia kutengeneza protini za kujiokoa. Inatengeneza, ila baadaye. Kunakili jeni, kutoa ujumbe nje ya kiini, kuunga asidi amino moja baada ya nyingine, yote hayo yanakula dakika, na peroksaidi haingoji. Kwa hiyo seli inaanza na protini ilizonazo tayari: hii inabandikwa fosfeti, ile inafungwa salfa zake mbili pamoja, nyingine inazimwa kabisa.

Saa 2:10

Natoa utando wa jana, karatasi nyembamba iliyobeba protini za seli, kwenye kingamwili zinazong'ang'ania protini ninayoitafuta, naosha mara tatu, namwagia kimiminika cha kung'arisha, naingiza kwenye mashine ya picha. Mtupu. Mistari ya protini ya jumla imetokea vizuri, minene, inalingana. Ule wa eIF2 iliyobandikwa fosfeti, chini kidogo ya alama ya uzito ya 37, hakuna. (eIF2 ni protini inayoanzisha utengenezaji wa protini nyingine; ikibandikwa fosfeti, kazi hiyo inapungua.) Dakika 0 baada ya peroksaidi hakuna, dakika 60 hakuna. Wiki nzima ya kazi.

Mzee wetu, fundi sanifu wa maabara, anachungulia juu ya bega langu.

"Binti, seli ulizisimamishaje?"

"Nilizungusha kwenye sentrifuji, nikaosha kwa maji baridi, nikapasua kwa shanga za kioo."

"Kwenye bafa ya kupasulia uliweka vizuizi vya fosfatesi?"

Nikanyamaza. Yeye akacheka kidogo, si kwa ubaya.

Fosfatesi ni vimeng'enya vinavyobandua fosfeti. Ukipasua seli bila kuvizuia, vinaendelea na kazi ndani ya chupa huku wewe unatafuta kalamu ya kuandikia lebo. Na kuosha kwa maji ni kosa la pili: hamira ikinyimwa glukosi, utengenezaji wa protini huporomoka ndani ya dakika moja. Yaani nilikuwa naipa seli msongo wangu mwenyewe, halafu nasema napima wa peroksaidi.

"Leo mimina asidi moja kwa moja kwenye chupa," anasema. Asidi ya trikloroasetiki hugandisha kila protini pale ilipo, na fosfatesi zikiwemo.

Saa 3:30

Chupa ya peroksaidi imeandikwa asilimia 30, lakini siiamini, imefunguliwa mara nyingi mno. Nazimua mara elfu moja, napima kwa spektrofotomita katika mwanga wa nanomita 240. Ingekuwa nzima ningepata kama 0.43. Napata 0.36. Imepungua nguvu, basi nasahihisha hesabu ili seli zipate milimola 0.5 kwa lita, si "kama 0.5". Watu wanabishana kuhusu matokeo kumbe chupa zao zimechuja.

Saa 4:40

Dakika 0, 5, 15, 30, 60. Kila kengele ikilia nachota, nafyonzea kwenye asidi, naweka kwenye barafu. Hakuna kwenda chooni.

Katikati ya kengele ya 5 na ya 15 nakimbia ghorofa ya juu na tone la chupa ya pili. Hizi ni hamira ambazo protini yao iitwayo Yap1 imeungwa na protini ya kijani ya yavuyavu, ili ionekane. Wenzetu wa juu wana darubini ya LED ya kusomea makohozi ya kifua kikuu, na mwanga wake wa buluu unatufaa na sisi. Nimeshazoea kuomba.

Seli ambazo hazijaguswa: kijani kimetanda kote, kama ukungu. Zilizopata peroksaidi dakika kumi zilizopita: kila seli ina doa moja la kijani, kali, pembeni kidogo. Yap1 yote imeingia kwenye kiini.

Nimeliona hili mara nyingi na bado najikuta nashika pumzi. Yap1 huingia na kutoka kwenye kiini siku zote. Peroksaidi inapokuja, kimeng'enya kiitwacho Gpx3 ndicho kinachoguswa kwanza, nacho kinapitisha habari kwa Yap1: asidi amino ya 303, sisteini, inafungwa na sisteini ya 598, salfa kwa salfa. Protini inajikunja, na ile sehemu inayotumika kama kibali cha kutoka inafichwa ndani. Imenasa kwenye kiini, na humo inaanza kuwasha jeni za kupambana na oksidishaji. Mpaka hapo hakuna protini hata moja mpya iliyohitajika.

Kengele ya 15 inalia nikiwa kwenye ngazi.

Saa 7:20 mchana

Sampuli zinachemka. Wali maharage, na simu ya mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mtoto wa dada yako wamempima, wanasema ana upungufu wa G6PD. Ndiyo nini? Wewe si ndiyo unasomea hayo?"

Ndiyo nayasomea, ila kwenye hamira! Namwelezea taratibu. G6PD ni kimeng'enya kinachofungua njia ya kutengeneza NADPH, na hiyo ndiyo inayolisha mfumo wa kuondoa peroksaidi. Hata hamira yangu, ikishambuliwa, kimeng'enya kimoja cha kuchoma sukari huzimwa kwa kuoksidishwa, na sukari ikageuzwa kuelekea njia hiyohiyo. Lakini chembe nyekundu ya damu haina kiini wala ribosomu. Haiwezi kutengeneza protini nyingine. Vimeng'enya ilivyozaliwa navyo ndivyo itakavyotumia kama siku 120, na G6PD ya mtoto huenda inachakaa mapema.

"Kwa hiyo afanyeje?"

"Kila akiandikiwa dawa mwambieni daktari. Kuna za malaria kama primakwini, kuna dapsoni. Na mama, vile vidonge vyeupe vya naftalini kwenye sanduku la khanga, vitoe."

Kimya.

"Vile vya kuzuia nondo?"

"Hivyohivyo. Vinaweza kupasua chembe zake za damu."

Saa 8:30 mpaka 12 jioni

Kutenganisha protini kwenye jeli kwa umeme, kisha kuzihamishia kwenye utando. Sehemu hii ni ya kusubiri. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyekuja kwa mazoezi ananiuliza: kama fosfeti inazuia utengenezaji wa protini, seli inapataje zile chache inazozihitaji?

Namchorea daladala. Ribosomu ni daladala inayopita juu ya ujumbe wa jeni, na eIF2 ni konda, bila yeye gari halisimami kituoni. Ujumbe wa GCN4, moja ya protini hizo chache, una vituo vinne vya uongo kabla ya kituo chenyewe. Gari likishatoka kituo cha kwanza halina konda. Siku za amani makonda ni wengi, mmoja anadandia haraka, gari linasimama kwenye kituo cha uongo, safari inaishia hapo. Wakati wa msongo, kimeng'enya Gcn2 kinabandika fosfeti kwenye asidi amino ya 51 ya eIF2, serini, makonda wanaadimika. Gari linapita vituo vya uongo bila konda, na anapopatikana limeshafika kwenye kituo cha kweli.

"Kwa hiyo uhaba wenyewe ndio swichi?"

Huyu atafika mbali.

Anataka kuloweka utando kwenye maziwa ya unga kama alivyofundishwa, ili kingamwili zisinate ovyo. Namzuia. Maziwa yana kaseini, iliyojaa fosfeti, na kingamwili za fosfeti zinaweza kuikamata. Tunatumia albumini ya damu ya ng'ombe, japo bei yake inaumiza.

Saa 1:40 usiku

Rangi nyekundu ya Ponceau ilionyesha njia zote tano zina protini sawa. Kingamwili imemiminwa, utando unatikiswa polepole kwenye chumba cha nyuzi 4. Kesho saa 2 nitajua.

Kwenye mwendokasi nimepata kiti. Mama ametuma picha: khanga zote zimeanikwa uani, nyingine mpaka juu ya ukuta wa jirani, na sanduku liko wazi katikati. Chini ameandika, "Harufu haitoki."

Namjibu azifue tena.