Tarehe ya kuchagua

Ninafundisha takwimu chuo kikuu, na wengi wanaokaa darasani kwangu si watu wa hesabu. Wamo wa historia, wa muziki, wa ualimu. Kila muhula swali linalonifikia mapema ni hili: "Mwalimu, kozi hii naweza kuichukua kwa kufaulu au kufeli tu?" Nawajibu ndiyo, kwa moyo mkunjufu.

Kwa asiyeujua utaratibu huu: mwanafunzi anaomba kozi fulani isiandikiwe A, B wala C. Akifaulu anapata krediti zake, na GPA, yaani wastani wa alama zake zote, haiguswi. Vyuo vingi havimwambii mhadhiri nani kaomba. Mimi nasahihisha, napeleka herufi, na ofisi ya msajili ndiyo inayoibadilisha. Hilo nalipenda sana, maana siwezi kumlegezea mtu wala kumkazia.

Si jambo geni. Huko Marekani, chuo kikuu cha MIT kiliwaondolea herufi wanafunzi wa mwaka wa kwanza mwaka 1968. Chuo kikuu cha Brown kikafuata 1969, na hadi leo mwanafunzi wake huchagua kozi kwa kozi, tena chuo hakikokotoi GPA kabisa. Mwaka 2020, wakati wa Uviko, katika vyuo vikuu vya Columbia na Yale hata aliyezitaka herufi hakupewa muhula ule.

Ninachogombania mimi ni tarehe. Vyuo vingine hutaka uchague mapema, vingine hukuacha uchague hata matokeo yakishatoka. Wenzangu wengi wanaona hii ya pili ndiyo yenye huruma. Sikubaliani nao. Nilikuwa na mwanafunzi wa fasihi aliyechagua mapema. Kwenye mradi wake aliziacha data safi nilizowagawia, akaenda kupima urefu wa sentensi katika hadithi fupi, akakutana na mgawanyo uliopinda, yaani namba nyingi zimelundikana upande mmoja, ambao kozi yetu haiufikii. Njia yake ya kwanza ilikwama, naye akaeleza kurasa kwa kurasa kwa nini imekwama. Anayelinda A yake hathubutu kufanya hivyo. Na anayengoja matokeo ndipo aamue, muhula mzima ameupitisha na hofu ile ile. Kilichobaki ni kuificha D, alama ya chini, nyuma ya P, alama ya kufaulu tu. Wasomaji wa transkripti, hati ya matokeo ya mwanafunzi, wanalijua hilo, kwa hiyo hata P ya yule aliyejitosa inatiliwa shaka.

Ugonjwa na msiba ni habari nyingine. Hapo mtu aruhusiwe kubadilisha wakati wowote, kwa maombi yake mwenyewe.

Ila kabla ya kujaza fomu, uliza idarani. Kozi za fani yako kuu mara nyingi haziruhusiwi, na baadhi ya wadhamini na shule za udaktari wa tiba hudai herufi.

Kamati ya taaluma chuoni kwetu inaipitia kanuni hii sasa. Nimependekeza mwisho wa kuchagua uwe wiki moja baada ya jaribio la kwanza kurudishwa, ili mwanafunzi awe ameshaionja kozi na bado ana sehemu kubwa ya muhula mbele yake.