Vita Iliyomfuata Meja McLean

Bibi yangu alivuka Mto Ruvuma akiwa msichana, baada ya vita vya Msumbiji kuanza mwaka 1964, na hadi leo, tukiketi barazani hapa Mikindani kubangua korosho, hukisimulia chungu alichokiacha kuliko risasi alizozisikia. Kwa hiyo nilipomweleza habari za Wilmer McLean, Mmarekani wa wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe kati ya majimbo ya Kaskazini na ya Kusini, niliwaweka majenerali kando kwanza.

McLean alizaliwa mwaka 1814 huko Alexandria, Virginia, akawa meja wa mgambo wa jimbo lake, na mwaka 1853 akamwoa mjane mwenye mali, Virginia Mason, aliyekuja na mabinti zake. Waliishi kwenye shamba la Yorkshire, kando ya kijito cha Bull Run. Shamba hilo lililimwa na watumwa, na sisi wa Mikindani, ambako watumwa walipakiwa majahazini, hatuna haki ya kulipita jambo hilo kimya kimya. Julai 1861 Jenerali Beauregard wa jeshi la Kusini, lililotaka kujitenga na Marekani, aliifanya nyumba yao makao yake. Kombora likatumbukia mekoni na kuharibu chakula alichokuwa akipikiwa.

Mwaka 1863 familia ilikuwa imehamia Appomattox Court House, kijiji kilichokuwa mbali, takribani kilomita 190. Husemwa kwamba McLean alitafuta amani. Mimi naona biashara ya sukari, aliyoliuzia jeshi la Kusini, ilimvuta vilevile. Vita ikamfuata: tarehe 9 Aprili 1865, Jenerali Lee wa Kusini alijisalimisha kwa Jenerali Grant wa Kaskazini sebuleni mwa McLean.

Wakubwa walipoondoka, maofisa wa Kaskazini waligombea samani. Mmoja wao, Jenerali Sheridan, alitoa dola 20 za dhahabu kwa meza ndogo ambayo Grant aliandikia masharti. Wengine walibeba tu. Palikuwa pia na mwanasesere wa matambara wa Lula, binti mdogo wa McLean. Maofisa wakarushiana kama mpira, kisha mmoja akaondoka naye. McLean mwenyewe alifilisika, kwani fedha za Kusini ziligeuka karatasi tupu, akarudi Alexandria na kufa huko mwaka 1882.

Bibi alijipaka majivu viganjani kuondoa mafuta ya maganda, akauliza kama mtoto yule alirudishiwa mwanasesere wake. Nikamjibu kwamba alikaa miaka mingi katika ukoo wa ofisa yule, na aliporejeshwa Appomattox kuwekwa makumbusho, Lula alikwisha kufa zamani. Bibi akaguna, akauvuta ungo karibu.