Ijumaa moja na begi linalonuka mchuzi, Kampala

Kabla sijaanza niseme tu ukweli, begi langu linanuka. Lile la mraba la mgongoni la kupelekea chakula. Nimeliosha kwa sabuni, nimelisugua na ndimu, nimelianika juani kutwa nzima, wapi. Miaka mitatu nabeba mchuzi wa kila taifa hapa Kampala na sasa nikiingia kwenye lifti ya ofisi kule Nakasero watu wanaanza kuulizana nani kaagiza lanchi. Mimi mtu wa Likoni, Mombasa, nilikuja kumtembelea binamu yangu anayesoma Kansanga nikasema nakaa miezi miwili halafu narudi, si mnajua mambo hayo yanavyokuwaga. Sasa washkaji wananiuliza kila siku, wewe unayebeba vyote hivyo, kari ya wapi ndo yenyewe? Basi ngoja niwape Ijumaa yangu iliyopita yote, mtajionea.

Saa 12 asubuhi

Binamu kalala kama gogo. Natoka polepole, naangalia boda yangu, mafuta, cheni, breki, halafu nashuka kwa kijana wa chapati pale chini kula kikomando, yani chapati mbili zimekatwakatwa zikamwagiwa maharage, ukimaliza hapo hadi saa nane hujui njaa ni nini. Maharage yake anatia binzali, ndo Waganda wanavyoita, sisi pwani tunasema bizari, unga ule ule wa njano. Shida yake anautia mwishoni, kwenye maji yanachemka, kwa hiyo unabaki na ule ubichi unaokwaruza ulimi. Ungekaangwa na kitunguu kwanza, hata dakika moja tu, ingekuwa habari nyingine. Nimemwambia mara ngapi. Jibu lake ni moja, "Ssebo (yani bwana), kula."

Saa 3 asubuhi

Soko la Nakasero. Oda za apu hazijaamka bado kwa hiyo asubuhi napiga kazi ya pembeni, kuna mpishi mmoja wa hoteli ya Kihindi Bugolobi huwa ananituma viungo maana anasema wanaoletewa na sapulaya wanauziwa vya mwaka jana. Alinifundisha mwenyewe: iliki usiangalie rangi ya ganda, ichukue moja uipasue na ukucha. Mbegu zikiwa nyeusi na zinanatanata kidoleni hiyo ni nzuri, zikiwa kavu za kahawia na zinaponyoka vidoleni kama mchanga mrudishie mwenyewe. Sasa mama wa duka ananijua, nikifika tu ananisogezea iliki moja mezani kabla hata sijasalimia. Nikabeba na mdalasini, bizari nyembamba, mbegu za dania, uwatu, na tangawizi ya hapahapa Uganda ambayo mimi sijaona tangawizi kali kama hiyo, ukiipasua tu macho yanalia.

Saa 5

Jikoni Bugolobi. Hapa ndo nilipoelewa kari ya hoteli za Kihindi inavyofanya kazi. Mpishi ni mtu wa Punjab, Kiswahili hana, mimi Kihindi sina, Kiingereza chetu wote cha kuungaunga, tunaongea kwa mikono na kwa mwiko. Ana sufuria moja kubwa ambayo kutwa haitoki motoni, kitunguu kimekaangwa mpaka kimekuwa rangi ya udongo wa Ggaba Road, nyanya, tangawizi, kitunguu saumu, viungo vikavu, anakoroga anakoroga mpaka mafuta yajitenge pembeni. Mafuta yasipojitenga hataki hata umsemeshe. Ile sufuria moja ndo mama wa vyote, ukitaka ya kuku na siagi na krimu inatoka hapo, ukitaka ya mchicha na jibini inatoka hapo, kwa hiyo mteja anasoma menyu ya vyakula arobaini anadhani kuna sufuria arobaini huko ndani, kumbe.

Na mimi kama mtu wa kubeba ninawaambia hivi, kwa Wahindi agiza dali. Ile nyeusi ya siagi inayopikwa usiku kucha kwa moto mdogo. Ikikaa nusu saa kwenye begi inafika imekuwa nzuri kuliko ilivyotoka. Naan, ule mkate wao bapa, ndo usiniambie, dakika ishirini ndani ya foili inavuta mvuke wake mwenyewe inakuwa ndala. Waambie waifunge kwenye karatasi.

Ndani ya saa moja hivi nilipiga oda sita, Bugolobi, Industrial Area, Bugolobi tena, Nakasero, hakuna cha kusimulia hapo zaidi ya foleni.

Saa 7 mchana

Nazima apu. Saa saba Ijumaa ndo oda zinaingia kama mvua, bosi mmoja aliwahi kunipigia kunifokea kwa hilo, lakini swala ya Ijumaa mimi siibadilishi na elfu tano. Nikapanda msikiti mkubwa wa Old Kampala, nikaacha begi kwenye boda nje, nikarudi nikakuta paka wawili wamekaa chini yake wamelitazama kama vile na wao wanasubiri hotuba iishe.

Pale chini ya mlima kuna kibanda, siwezi kuita hoteli, meza nne na jiko la mkaa nyuma, mwenyewe ni mzee wa Kihindi anayeongea Kiswahili kizuri kunishinda binamu yangu. Nikamwamkia, nikamwambia mzee niwekee kuku paka moja (kuku wa nazi, sio wale paka) nakuja kuchukua usiku. Akasema sawa mwanangu, ila ukichelewa nakula mimi. Huyu nitarudi kwake.

Saa 8 na nusu

Msiba. Oda ya kari ya kijani ya Kithai inaenda Kololo. Mimi kari za Kithai nazipenda wallahi lakini kuzibeba ni kama kubeba chai kwenye kikapu, mchuzi wake mwepesi, na ule mkahawa (siutaji) vifuniko vyao vinafunga upande mmoja tu. Nimeshawaambia. Lile tuta la kabla ya kona, nikasikia mgongo umepata joto. Kufika getini mama mwenye oda akatazama kontena, akanitazama mimi, akatazama mgongo wa shati langu uliokuwa kijani mpaka kiunoni, akasema hapana. Sikumlaumu. Apu ikanikata hela, nikaambiwa ni kosa la mbebaji, malalamiko yangu mpaka leo yamekaa huko hayajajibiwa.

Basi nikakaa chini ya mwembe nikala nusu iliyobaki. Na hapa niwaambie kitu kilichonishangaza siku ya kwanza niliyoona inavyopikwa. Sisi pwani si tuna sheria ya tui? Unakuna nazi kwenye mbuzi, unakamua kwa kifumbu, tui jepesi linatangulia kupikia, tui zito linaingia mwisho na hapo unakoroga taratibu moto uko chini, maana likikatika mafuta yakaelea umeharibu, mimi nilishapigwa kofi na nyanya yangu (bibi, sio ile ya kwenye mchuzi) kwa kuliacha likatike. Sasa Mthai anaanza na hilohilo zito, analichemsha kwa makusudi mpaka likatike, anasubiri yale mafuta yatoke ndo anakaangia rojo lake humo, pilipili mbichi, mchaichai, ganda la ndimu yao, vyote vimepondwa kwenye kinu. Kosa langu la kofi ndo hatua yao ya kwanza! Nikampigia mamangu simu kumwambia, akasema nyanya yako angekaa nao jikoni siku moja tu.

Wana nyingine inaitwa massaman, hiyo mtu wa pwani akiionja anatulia kidogo kwanza, kuna mdalasini, kuna iliki, viazi na njugu, inanukia kama pilau ya harusini. Jina lenyewe wanasema limetokana na Waislamu. Na ile njugu Mganda anaijua vizuri, mtu aliyekulia kwenye binyebwa, mchuzi wao wa njugu, haimpi shida hata kidogo.

Saa 10 na nusu

Nimeshabadilisha shati. Muyenga, oda ya Kijapani. Kari ya Wajapani kwanza niliicheka. Nzito kama uji, kahawia, tamutamu, ndani karoti na viazi, juu wamelaza kuku wa kukaanga kwa chenga za mkate. Unga wa ngano umekaangwa na siagi ndo unaifanya nzito hivo. Kumbe wao hawakuitoa India moja kwa moja, iliwafikia kupitia Waingereza karne ya 19, na wanamaji wao waliishika sana, mpaka leo jeshi lao la majini Ijumaa ni siku ya kari. Nikajisemea sawa, Ijumaa yao kari, yangu pia kari.

Ninachoipendea mimi ni begi. Haimwagiki. Unaweza kuipitisha kwenye mashimo yote ya Kansanga ikafika imekaa palepale ilipowekwa. Kinachoharibika ni yule kuku, ganda linavuta mvuke linalainika, kwa hiyo ukiagiza omba waweke kuku na mchuzi mbalimbali. Ladha? Ni chakula cha mtoto mgonjwa. Nasema hivyo kwa mapenzi, siku ya mvua naila na nafurahi, lakini siwezi kuiota.

Saa 1 usiku

Kabalagala. Hapa Wahabeshi, yani watu wa Ethiopia na Eritrea, ni wengi, muziki, moshi wa ubani, kahawa inakaangwa mlangoni. Oda zilikuwa tatu na zote ni dengu na shiro (mchuzi mzito wa unga wa dengu), hakuna kuku hata mmoja. Nikamuuliza dada wa kaunta leo kuku wameisha? Akacheka, akasema leo Ijumaa, sisi Waothodoksi Jumatano na Ijumaa tunafunga, hakuna nyama hakuna siagi. Kumbe ndo maana. Ukitaka ule mchuzi wao wa kuku na yai njoo siku nyingine, au uwe kama mimi usiyefunga nao.

Kitunguu cha Wahabeshi sasa. Kile ni kilo na kilo, kimekatwa vidogo kabisa, na wanakianza kwenye sufuria kavu bila mafuta, kinapikika na maji yake mwenyewe taratibu mpaka kinayeyuka, mafuta yanakuja baadaye, halafu ndo berbere, ule mchanganyiko wao wa pilipili nyekundu na viungo chungu nzima. Punjabi kitunguu kwenye mafuta mpaka kahawia, Mhabeshi kitunguu bila mafuta mpaka kimepotea, Mthai hajali sana kitunguu, ana kinu chake. Mimi siku hizi nikionja mchuzi wa mtu swali langu la kwanza ni kitunguu ulikifanyaje.

Kubeba injera, ile chapati yao kubwa laini, ni rahisi, inakunjwa kama taulo. Ila mchuzi usimwagiwe juu kabla ya safari, itakufikia uji.

Saa 3 usiku

Apu nazima. Kutoka Kabalagala mpaka Old Kampala halafu nirudi tena Kansanga ni kuchoma mafuta bure, najua, binamu hunikumbusha kila Ijumaa. Lakini mzee aliniwekea.

Nikamkuta anafunga, kuku wangu uko pembeni ya mkaa unapata joto. Kuku paka kama hujui, kuku anachomwa kwanza kwenye mkaa mpaka kingo ziwe nyeusi, halafu ndo anaingia kwenye mchuzi wa nazi wenye manjano, kitunguu saumu, pilipili mbichi na ndimu, na yai la kuchemsha. Ule moshi ndani ya tui, hapo ndo mambo yote yalipo. Tui lake la pakiti maana nazi hapa inatoka mbali na bei yake ni ya kulia, na ulimi wangu unajua ni pakiti, simdanganyi mtu.

Nikamuuliza, mzee, hiki chakula ni cha Wahindi au cha kwetu? Akakaa. Akaniambia 1972 Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke, yeye alikuwa mtoto wa miaka tisa, wakaishia Leicester, nyumba baridi, hakuna mkaa, mamake anachoma kuku kwenye oveni. Majirani wao walikuwa Wagujarati waliokuja moja kwa moja kutoka India, siku moja mama akawapelekea bakuli, wakarudisha bakuli tupu na swali: hiki ni nini? Walikuwa hawakijui. Lugha moja, dini moja, mchuzi hawaujui, maana ulizaliwa huku. Miaka ya tisini walipoweza kurudi Kampala akarudi. Akasema huko Uingereza 2001 waziri wao wa mambo ya nje, Robin Cook, alisimama akasema chicken tikka masala, kuku kwenye mchuzi wa Kihindi, ndo chakula cha taifa la Uingereza, na yeye alikuwa ameshaondoka lakini aliposikia alicheka sana, akasema, "Kwa hiyo mimi nilikuwa mgeni halafu chakula ndo mwenyeji."

Elfu ishirini na tano. Akaongeza yai la pili bila kusema.

Saa 4 kasoro

Nimefika, umeme hakuna, binamu kasonga posho (ugali) kwenye mwanga wa simu. Tukafungua kontena katikati, tukala kwa mkono. Akaanza ubishi wake, ati hiyo ni kari ya Wahindi, nami nikamwambia hiyo nazi waliipata wapi, hilo jina "paka" ni la lugha gani, si kupaka? Akasema sawa basi ya kwetu, huku anamega posho anazungusha kwenye mchuzi mpaka chini ya kontena kunalia. Nikainuka kuchukua maji. Kurudi, yai la pili halipo.