Hakimu wa Bendi Tatu

Ijumaa ya tarehe 14 Desemba 2007, kengele ya chai ilipolia, nilikabidhiwa kazi ambayo sikuiomba: kuamua bendi ipi ni bora kati ya Led Zeppelin, Deep Purple na Black Sabbath. Nilikuwa na miezi mitano tu Birmingham, kibarua kwenye karakana ndogo ya kukata na kukunja bati, na roki yote niliyoijua ingeenea kwenye kisoda.

"Ndiyo maana tunakutaka wewe," alisema mzee wa Redditch, mji wa jirani. "Huna upande."

Ugomvi ulianza Jumatatu ya wiki ile. Zeppelin walikuwa wamepanda tena jukwaani London, ukumbi wa O2, na kwenye drams alikaa Jason Bonham, mtoto wa John Bonham aliyefariki mwaka 1980 na bendi ikafa naye. Mamilioni ya watu waliomba tiketi. Mzee wa Redditch aliomba, akakosa, na wiki nzima akatembea na uso wa mtu aliyefika harusini akakuta sinia la pilau limeshafutwa. Kila aliyemsogelea alikumbushwa kwamba John Bonham ni mtoto wa Redditch, kama yeye. Mzee wa Aston akachoka. Akamjibu kwamba Black Sabbath wote wanne wametoka mitaa ya Aston, hapa hapa Birmingham, mwendo wa dakika chache kutoka nyumba aliyozaliwa yeye, na hawakuhitaji kwenda London kuwa watu. Fundi umeme wetu, aliyekuja mara mbili kwa wiki na ambaye tulimwita Profesa kwa kuwa alisoma vijitabu vya maelezo mpaka ukurasa wa mwisho, akatia neno lake taratibu: wote wawili wanapoteza muda, kwani Deep Purple ndio waliojua kupiga.

Basi ikapangwa kesi. Kila mmoja alete CD yake, apige wimbo mmoja, aseme maneno yake, kisha mimi nihukumu.

Kabla hatujaanza, mzee wa Aston aliweka pingamizi. "Kijana huyu anatoka Zanzibar," alisema. "Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, kazaliwa Zanzibar. Asije akatuchagulia Queen." Nikacheka. Freddie alizaliwa Unguja mwaka 1946, na familia yake ikaondoka mwaka 1964. Mimi nimekulia Mkunazini, Shangani nikipita kila leo, na jina lake nililisikia midomoni mwa watalii zaidi kuliko nyumbani. Kwetu redio ilikuwa ya taarabu na ya marehemu babu, na ukiigusa unachapwa. Nikawaapia kwamba Queen hawamo.

Profesa alitangulia, akaweka "Smoke on the Water". Ule mpigo wa mwanzo niliutambua papo hapo, maana kila kijana duniani aliyewahi kuazima gitaa ameuharibu. Lakini kisa chake sikukijua. Desemba 1971 Deep Purple walikuwa Montreux, Uswisi, wakisubiri kurekodi kwenye kasino ya pale. Mwanamuziki Frank Zappa akiwa anapiga humo, mtu mmoja katika watazamaji akafyatua fataki ya ishara, dari likashika moto, kasino yote ikateketea, na moshi ukatanda juu ya ziwa. Wakaishia kurekodi kwenye veranda za ndani za hoteli iliyokuwa imefungwa kwa majira ya baridi, studio yenyewe imepakiwa kwenye lori nje. Yaani wimbo wote ni taarifa ya tukio, kama ya mjumbe wa mtaa, nani alikimbia wapi na nini kiliungua. Hilo lilinipendeza. Kilichonikamata zaidi kilikuwa kinanda. Jon Lord alikipitisha kinanda chake kwenye amplifaya za magitaa, kikawa kinakoroma. Sikio lililolelewa na taarabu haliwezi kupita hivi hivi kwenye kinanda. Nikampa Profesa alama kubwa kimoyomoyo na nikakaza uso nisijulikane.

Mzee wa Redditch akaleta "When the Levee Breaks", na akaongeza sauti mpaka mwisho. Spika moja ilikuwa mbovu, ikikwaruza, na redio yenyewe ilikaa juu ya sanduku la vyuma ikiwa na madoa ya rangi. Drams zilipoanza, nati zilizokuwa kwenye kopo la maziwa zikaanza kucheza. Nilizitazama zinavyoruka, moja ikapanda ukingoni ikaanguka sakafuni. "Umesikia?" akaniuliza. Drams zile, alisema, ziliwekwa chini ya ngazi za jumba moja la zamani huko Hampshire, maikrofoni zikaning'inizwa juu kabisa, nyumba yenyewe ikawa ngoma. Nikaona hapa kuna mtu. Bonham angekuja kwetu siku ya ngoma, wazee wangempisha akae bila kumuuliza ukoo.

Sasa na mimi, kwa kuwa ni hakimu, nikauliza wimbo ni wa nani. Akasitasita. Profesa ndiye aliyejibu: ni wa Memphis Minnie na Kansas Joe McCoy, Wamarekani weusi, waliourekodi mwaka 1929, unasimulia mafuriko makubwa ya Mississippi ya mwaka 1927. "Lakini majina yapo hapa!" Mzee wa Redditch alipiga kelele akinisukumia karatasi ya CD, na kweli jina la Memphis Minnie lilikuwemo. Hata hivyo nilimwona Profesa anatabasamu ndani ya kikombe.

Mzee wa Aston alikuwa wa mwisho. Wimbo wake ulianza na mvua. Mvua kweli, na kengele ya kanisa kwa mbali. Nikageuka kutazama dirishani, wakaniangulia kicheko wote watatu. Kisha noti tatu tu, nzito, polepole, ya tatu inakaa pasipo mahali pake kama mgeni aliyekaa kitandani kwa mwenyeji. Nilikuwa nimeonywa na binamu yangu wa London kwamba hawa ni watu wa shetani. Nikasikiliza maneno. Mtu anaona umbo jeusi linamnyooshea kidole, anageuka kukimbia, anamlilia Mungu amsaidie. Nikajiuliza shetani anaabudiwa wapi hapo. Mbona bwana huyu anamkimbia kama sisi sote!

Mzee wa Aston hakujitetea kwa maneno mengi. Aliinuka akaenda kwenye mashine ya kubonyezea bati, ile kubwa ya kijani, akalaza mkono wake wa kulia pale panapowekwa bati, mashine ikiwa imezimwa. "Tony Iommi, mpiga gitaa wetu, alikuwa na miaka 17," alisema. "Siku yake ya mwisho kazini. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili." Akakunja cha kati na cha pete. Iommi anapiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole vile ndivyo vya kubania nyuzi. Msimamizi wake akampelekea santuri ya mpiga gitaa Django Reinhardt, aliyepiga solo kwa vidole viwili baada ya kuungua na moto. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akajitengenezea vikofia vya vidole, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza zaidi. Sauti ikashuka, ikawa nzito zaidi.

Mimi ndiye niliyekuwa nikisimama mbele ya mashine ile kila siku. Hupanda, hunyamaza kidogo, kisha hushuka, na ule mnyamazo ndio unaokutisha. Nikaomba wimbo urudiwe. Mnyamazo ulikuwemo, baada ya noti ya tatu.

Kwa ufundi, Deep Purple walishinda, na mpaka leo nasema hivyo. Kwa mpiga drams, Zeppelin. Lakini niliulizwa bendi yangu ni ipi, nikasema Black Sabbath. Mzee wa Aston akapiga meza, chai ikamwagika kwenye karatasi ya oda za siku ile, na bosi akatuuliza jioni kwa nini oda zina harufu ya maziwa. Mzee wa Redditch alikuwa ndiye mleta biskuti kila Ijumaa. Ijumaa iliyofuata alileta, akampa Profesa, akampa mzee wa Aston, akala zake, akalifunga bati la biskuti.

Nilirudi Unguja mwaka 2012. Julai 2025 Sabbath walipiga mara ya mwisho Villa Park, kule kule Aston, na siku 17 baadaye Ozzy Osbourne, mwimbaji wao, akafariki. Simu ikalia usiku, ujumbe kutoka Redditch, kwa mtu tuliyekuwa tukitakiana Krismasi na Idi tu. Aliniambia mzee wa Aston alishatangulia, majirani wamempelekea Ozzy maua kwenye daraja la Black Sabbath mjini Birmingham, na yeye mwenyewe amesimama pale saa nzima. Kisha, chini kabisa: "Hukumu yako bado ni mbovu."