Vile nilirudisha Form 2 yangu kwa hesabu

Mimi hufunza hesabu kwa shule ya kutwa huku Eastlands, na mwaka wa 2025 nilikuwa na Form 2 moja iliyokuwa imezima kabisa. Si ati walikuwa na fujo, afadhali hata fujo. Unauliza swali wote wanaangalia dawati, unamtaja mtu anasema "sijui madam" kabla umalize kuuliza, na kuna watatu wa mbele ndio wanabeba darasa zima. Na double yetu ilikuwa baada ya lunch, githeri imeshuka, mabati yamepata jua, hapo hata mimi ningesinzia.

Alafu hawa ndio wa mwisho wa 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa masomo. Walifanya KCPE ya mwisho 2023, ule mtihani wa kumaliza primary, KCSE yao ya Form 4 mwaka wa 2027 ndiyo itafunga kazi, na hiyo 2025 hakukuwa na Form 1 nyuma yao, hakuna mtoto wa kutuma, hakuna wa kumwonyesha njia. Kila mkutano wa walimu ulikuwa ni Grade 10 ya mtaala mpya inakuja 2026, Grade 10 hivi, Grade 10 vile, na watoto si viziwi.

Nikawapa vikaratasi, bila majina, swali ni moja: saa ya hesabu akili yako huwa imeenda wapi? Mmoja akaandika "sisi ni stoki ya kumaliziwa". Mwingine "unauliza tu wale wa mbele". Kuna aliyeandika yeye atakuwa dere, kwa hivyo hesabu ya nini, na kuna aliyesema ako na njaa tu, hiyo sikuisoma kwa sauti lakini nilimtafuta kimyakimya. Zingine nilizisoma zote mbele yao kesho yake. Hapo ndio nadhani kitu kilisonga, manake watoto wameulizwa maoni mara nyingi na karatasi zinapotelea huko. Wale watatu wa mbele nikawapumzisha. Swali likija mnabonga kwanza wawili wawili, na "sijui" inaruhusiwa lakini uniambie umepotelea wapi. Ile double nilijaribu kuisogeza, ratiba ikakataa, nikawaambia imekataa.

Sasa topiki iliyofuata ilikuwa mwendo, zile grafu za umbali kutoka ulikoanzia na muda. Nikaacha kitabu nikachora safari ya mathree kutoka Donholm kwenda tao kwa Jogoo Road, saa moja asubuhi. Nikafika mahali laini inalala kabisa, nikauliza hapa kuna nini? Kijana wa nyuma, yule hulala mpaka mate, akasema "City Stadium hiyo, jam." Darasa likacheka, lakini alikuwa sahihi, muda unaenda na gari halisongi. Nikauliza, inaweza kushuka? Wakabishana weee, mpaka mmoja akasema ndio, dere akiona karao mbele anageuza anarudi alikotoka. Na kusimama wima? Hapo ilichukua muda, kelele mpaka deputy akachungulia dirishani, kisha msichana mmoja akasema haiwezi, hiyo gari itakuwa kila mahali kwa sekunde moja.

Sitadanganya ati wote waliamka. Kuna mmoja wa karibu na dirisha bado haongei, ila daftari yake sasa iko na kazi, na sijamlazimisha. Alama za mtihani uliofuata zilipanda kidogo tu, si za kujivunia stafurumu.

Tukaingia takwimu. Wenyewe ndio waliomba kuandika nauli wanazolipa, asubuhi, jioni, na siku za mvua ile bei ikiruka. Yule wa kuwa dere alipiga wastani wa wiki akaukataa, akasema siku moja ya mvua imeuvuta juu, tuchukue ile namba ya katikati. Nilikuwa nimepanga kufunza hiyo Alhamisi.